Kisima Chini ya Makaburi

Jumatatu, 7 Oktoba 1996
Usipa, vile visamaki vyangu vikavu, umeuzika nusu tu. Maji ya kisima cha kambi yanazidi uchungu. Batoto wa jirani yangu Mrundi, Mama Espérance, wametapika tena. Kwenye foleni akanipigia kelele mbele ya wote: "Mama Zaina, njo maiti zenu Waislamu zinaharibu maji! Munazika juu, sisi tunakunywa chini." Mama yangu amezikwa kule juu. Nimerudi na ndoo tupu.

Jumatano, 9 Oktoba
Amefika mtaalamu wa udongo kutoka Lilongwe. Moja kwa moja makaburini na chuma chake cha kuchimbia. Hakuna aliyetuuliza. Katoboa karibu na kichwa cha mama. Nikasimama mbele yake.
"Pepani, amai," akaniomba radhi kwa Kichewa. "Ni udongo tu."
Udongo tu! Nilimshika mama mkono tangu kwetu Kindu mpaka kambi hii.
"Basi chimba pande zote za kisima," nikamwambia. "Si kwetu peke yetu."
Akakubali. Nadhani alitaka ninyamaze.

Alhamisi, 10 Oktoba
Hakuna aliyenunua kwangu. Eti mikono yangu ni ya makaburi. Washenzi.

Jumatatu, 21 Oktoba
Majibu ya udongo yametoka labo. Makaburi hayana kosa. Sumu iko kwenye bustani ya Mama Espérance mwenyewe. Chini ya mboga zake wamefukua mapipa ya dawa ya wadudu wa tumbaku, yameoza, yanavuja. Yalizikwa kabla ya sisi wakimbizi kufika. Kisima kimefungwa. Bustani imezungushiwa kamba.
Niandike kweli: nilifurahi. Nusura nipige vigelegele.
Halafu wale wale wa foleni wakamgeukia. Mchawi. Muuaji. Mmoja akamrushia tope usoni. Hapo nikawaka.
"Yeye angejuaje?" nikapiga kelele. "Juzi mulinitukana mi. Leo yeye. Kesho nani?"
Wakatawanyika. Mama Espérance hakuniangalia.
Sijamsamehe. Nilichukia lile tope tu.

Jumatano, 23 Oktoba
Maji sasa ni kijijini, ng'ambo ya barabara. Asubuhi nimemkuta Mama Espérance mlangoni pangu na ndoo zake. Hakuomba radhi. Sikudai. Nikachukua yangu, tukaenda.
Wakati wa kurudi akasema, "Jua kali."
"Kali," nikajibu.
Tukapumzika kidogo kivulini, kisha tukabeba tena.