Mto Mwekundu wa Mama Mkwe

Jumatano, 7 Februari 1996

Rangi imekubali! Nimetoka kazini, sijavua hata viatu, nikaenda nyuma ya nyumba kuiangalia. Ngozi ya mbuzi imekunywa rangi mpaka imekuwa nyekundu nzito, kama maini mabichi. Rangi yenyewe ni ile ya unga ambayo akina mama wanachovyea makonge ya kusukia viondo. Mimi nimeikoroga na spiriti. Siri yangu hiyo.

Mikono haitakati. Damaris wa ofisini aliniuliza leo, "Werema, umechinja nani?" Wacha acheke. Wenzangu hapa ofisi ya maji ya Migori wakitoka kazini wanakimbilia drafti na pombe ya chang'aa. Mimi ni ngozi. Mikanda, pochi, majalada ya Biblia. Siuzi, napenda tu.

Hii ya sasa ni mto wa kiti wa mama mkwe. Jumapili anasimikwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa huko kwao Homa Bay, na atakaa mbele ya watu siku nzima kwa kiti cha mbao. Tangu nimuoe Dolphine, watu wao wananiita "yule wa Kehancha". Jina langu hawalitaki mdomoni. Jumapili watalitaja.

Ijumaa, 9 Februari

Mto umeisha. Lakini niseme ukweli, kwa kuwa hapa najiandikia mwenyewe.

Ngozi ikishapakwa rangi na kukauka inatakiwa isuguliwe na kitambaa kikavu. Unasugua, unasugua, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ndipo unatia nta. Hata mkanda wangu wa kwanza niliusugua hivyo. Leo nimejaribu pembe moja tu — ala! Wekundu wote umehamia kwa kitambaa, ngozi imebaki kama ulimi wa ndama. Roho imeniuma. Nimeacha. Pembe ile nimeirudishia rangi, nikapaka nta kidogo sana, halafu dawa ya kiatu, nikakandamiza na chupa ya soda mpaka ukang'aa. Unaweza kujiona uso!

Dolphine ameusifu. Halafu akanicheka kwa sababu nilisema dawa ya kiatu. Kwao ni polishi. "Wewe Mtanzania," anasema. Sisi wa Kehancha tumekulia mpakani, tutasemaje tena?

Jumamosi, 10 Februari. Homa Bay

Tumefika. Joto la huku linakaa juu ya mtu. Mto nimempa Dolphine, naye akampelekea mama ndani, maana mimi siwezi kumkabidhi mkwe wangu kitu mkono kwa mkono. Nilisimama nje karibu na mlango nikisikiliza. Halafu nikasikia sauti yake, anauliza kwa Kidholuo kama kweli ni mimi nimeutengeneza kwa mikono yangu. Dolphine akasema ndiyo. Mama akasema, "Erokamano, Werema." Asante, Werema.

Werema! Amesema Werema! Sikuweza kumaliza chakula kwa furaha.

Jumapili, 11 Februari

Sijui niandike vipi.

Kanisa lilijaa. Mama amekaa mbele, gauni jeupe la akina mama, kitambaa cheupe kichwani, mto wangu chini yake. Mahubiri marefu. Mabati yanawaka. Hata mimi nilikuwa nimelowa jasho mpaka soksi.

Wakamwita apokee utepe wake. Akasimama. Akageukia madhabahu.

Nyuma ya gauni lote, pale pale pa kukalia — nyekundu. Sio doa. Sahani nzima.

Mwimbishaji aliacha wimbo katikati. Mwanamke mmoja akasema "Mayo!" kwa sauti. Wenzake wakakimbia na leso, wakamzunguka, wakamtoa kwa mlango wa pembeni, naye hajui ni nini, anauliza tu, "Ang'o? Ang'o?" Ni nini, ni nini.

Nilijua hapo hapo. Rangi yangu naijua, nitakosaje kuijua? Na nilifanya nini? Niliinamisha kichwa. Mkwe hatakiwi kutazama pale. Kila mtu aliona nimeinama wakasema huyu ana heshima. Heshima! Nilikuwa najificha.

Jumatatu, 12 Februari. Migori

Njia yote Dolphine alilia. Anasema mama yake amepita umri wa mambo hayo zamani, kwa hivyo ni ugonjwa, ule mbaya wa akina mama. Nikamshika bega. Nikasema, "Mungu yupo." Hilo tu ndilo nililosema. Mdomo huu!

Mto mwenyewe hakuna aliyeuangalia. Wekundu juu ya wekundu, nani angeona?

Jumatano, 14 Februari

Habari kutoka Homa Bay. Mama hatoki ndani. Hali chakula. Amekataa kwenda hospitali, anasema hawezi kuvuliwa nguo na vijana. Na ameanza kugawa vyombo! Sufuria kubwa amempa mke wa mwanawe Nicanor, shuka zake amemwekea Dolphine. Anatuaga.

Mto wangu mimi! Mtu mzima, mzima kabisa, anajiandaa kufa kwa sababu mimi nilitaka kitu king'ae.

Jioni nilianza kumwambia Dolphine. Nikasema, "Dolphine, kuhusu mama..." Akainua uso, macho yamevimba. Nikamalizia, "...tumwombee." Pumbavu.

Sasa nafikiria jinsi ya kusema. Mkwe wa kiume ataanzaje kutaja pale alipokalia mama mkwe? Kwetu Kuria huwezi. Kwao huwezi. Maneno yenyewe yanaungua mdomoni. Lakini sijidanganyi, sio mila peke yake. Naona haya ya kazi yangu. Watu watasema fundi gani huyu.

Ijumaa, 16 Februari

Afadhali. Nafikiri afadhali.

Nicanor, kaka yake Dolphine, amepita hapa mchana akienda Isebania kununua nyavu. Dolphine alikuwa sokoni. Nikaona huyu ni mwanaume mwenzangu, ndiyo nafasi. Nikamwekea chai. Nikazunguka, nikazunguka. Halafu nikasema hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Shemeji, kile watu waliona Jumapili si ugonjwa. Ni dawa nilipaka kwa mto wa mama. Haikukauka vizuri. Mwambie asiogope."

Nicanor aliweka kikombe chini. Akaniangalia. Akasema, "Dawa."

Nikasema, "Eeh, dawa ya ngozi."

Hakumaliza chai. Aliondoka bila kuaga vizuri na sidhani alienda Isebania. Labda ni haya tu. Hata mimi ningeona haya. Lakini nimesema! Kifua kimefunguka.

Jumamosi, 17 Februari

Wololo.

Dolphine ameingia leo kutoka kwa simu ya dukani, ameshika mlango kwa mikono yote miwili. Akaniuliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu: "Werema. Uliwekea mama yangu yath?"

Yath. Kwao neno ni hilo moja. Mti ni yath, dawa ya hospitali ni yath, na kile mtu mbaya anamwekea mwenzake kwa kiti, kwa chakula, kwa njia, nacho ni yath. Nicanor amefika nyumbani akasema yule wa Kehancha amekiri kwa mdomo wake, alipaka dawa kwa mto na haikukauka vizuri. Eti ndiyo sababu mama bado yuko hai!

Na ni mimi nilisema. Dawa! Ningesema polishi! Ningesema rangi! Neno rangi lilikuwa hapo mdomoni, nikaliruka kwa sababu niliona ukimwambia mtu rangi unamchorea gauni lenyewe, na mahali penyewe.

Nimemwambia Dolphine yote. Kitambaa, kusugua, ulimi wa ndama, kila kitu. Nimemtolea kipande cha ngozi kilichobaki, akakilowesha mate, akakipangusa na kona ya gauni lake. Nyekundu. Akacheka, nikafikiri tumepona. Kumbe si kicheko. Akanipiga na kile kipande usoni.

"Ulijua Jumapili," amesema. "Nililia njia yote na ulijua. Ukaniambia Mungu yupo."



Jumapili, 18 Februari

Sikuenda kanisani. Dolphine haongei na mimi. Amepiga simu kwao akawaambia ni rangi, wakamwambia wewe ni mke wake, utasemaje tofauti. Ameniambia kitu kimoja tu: mama naye ameambiwa habari ya dawa. Sasa haogopi ugonjwa. Anaogopa zaidi.

Jumanne, 20 Februari

Vifaa vyangu nimevifunga kwa gunia. Damaris ameuliza mbona mikono misafi wiki hii.

Alhamisi, 22 Februari

Tumeitwa. Jumamosi. Baba mkwe ni marehemu, kwa hivyo atakayesikiliza ni Nashon, mdogo wake. Dolphine amenipigia pasi suruali ya rangi ya maziwa, ile ya harusi. Nikamuuliza kwa nini hiyo. Akasema, "Vaa hiyo." Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu Jumapili. Sikubisha.

Jumamosi, 24 Februari. Homa Bay

Naandika hapa hapa uani kwao.

Tulipofika, mto ulikuwa katikati ya uwanja juu ya kiti cha mbao cha mama. Wameusukuma hapo kwa mti mrefu. Hakuna anayeugusa. Umekaa juani wiki nzima. Majirani wamejaa mpaka kwenye ua, hata wale wa kwaya.

Nikawaelezea. Safari hii sikuficha neno. Nikasema rangi. Nikasema gauni. Nikasema jasho la mama liliyeyusha rangi kwa sababu mimi sikuisugua. Akina mama wengine walifunika midomo. Basi, nishasema.

Nikatoa kitambaa changu cheupe nikapangusa mto niwaonyeshe.

Kitambaa kikatoka cheupe.

Nikasugua tena kwa nguvu. Cheupe! Jua la wiki nzima limeukausha, nta imekaza juu. Watu wakaanza kunong'ona. Nikaomba maji. Nicanor akasema hapana, "Mama hakumwagiwa maji, shemeji. Alikalia tu." Wengine wakaitikia. Mmoja wa ua wa nyuma akasema, "Kama ni rangi tu, yeye mwenyewe akalie!"

Wote wanajua mkwe hawezi kukalia kiti cha mama mkwe. Nikikataa, naogopa dawa yangu. Nikikubali, nimemkosea mama mbele ya ukoo wake wote. Dolphine akainuka akaingia ndani kwa mama. Akakaa huko kitambo. Alipotoka hakuniangalia mimi, aliwaangalia wao:

"Mama anasema akalie. Ni yeye ametoa ruhusa. Anasema aibu yake ameibeba ya kutosha, hii nyingine aibebe mkwe mwenyewe."

Nimekaa.

Nimeambiwa nisiinuke mpaka Nashon atoke kuoga ziwani aje aone kwa macho yake. Kwa hivyo nimekaa juani kama picha, watu wananitazama, na kwa kuwa sijui niweke wapi macho nimetoa hii shajara. Mtu ameuliza naandika nini. Dolphine amejibu, "Mwacheni."

Joto. Jasho linashuka mgongoni, nalisikia. Haya za leo sijawahi kuziona. Mtoto wa jirani ananiiga jinsi nilivyokaa, wanamcheka, na mimi ningependa kucheka naye.

Mwanzoni nilikaa nikiwa nimejiinua kidogo, nisilemee kiti cha mama. Sasa nalemea. Najisugua hata, polepole, wasione. Maana naujua mto huu. Nilipaka mara nyingi. Nilikandamiza na chupa. Nikiinuka suruali ikiwa safi, mama ndani atakufa akijua mkwe wake alimlisha kifo, na Dolphine itabidi achague. Miaka yote hii nikimaliza kitu nimekuwa nikiomba kisichuje. Leo natoka jasho juu ya kazi yangu nzuri kuliko zote na naomba iwe mbovu. Mungu wangu, iwe mbovu kabisa.

Nashon huyu anaingia, taulo begani. Watu wanampisha. Pazia la mlango wa mama limesogea kidogo, vidole vyake naviona.

Nicanor anasema, "Haya, shemeji. Inuka, geuka tuone."

Chini yangu pamelowa. Sijui ni jasho peke yake. Nainuka