Maji Tuliyomnawisha Mgeni

Mama Mutindi,

Mwenyekiti wangu, nakuandikia nikiwa nimekalia kile kiti chako chenye mguu mfupi, na bado sijajua kukikalia bila kuyumba. Baada ya mazishi yako kikundi kilikutana kwenye stoo ya shule, ikaulizwa nani atashika nafasi yako, na kina mama wote wakainamia sakafu kama watu waliopoteza sindano. Mimi nilikuwa natazama dirishani. Basi ndivyo mwanamume pekee kwenye kikundi cha kina mama alivyotolewa ukatibu akapewa uenyekiti. Ungekuwepo ungecheka, kisha ungeniambia, kwa kile Kiswahili chako cha nyumba za reli za Makindu, kwamba hata jembe butu lina shamba lake.

Kuna jambo sijakueleza. Siku lilipotokea, wewe mwenyewe ulikuwa na shughuli.

Unakumbuka tulikotoka. Watoto walikuwa wanakuja shuleni na maji ya miche kwenye vichupa, maji waliyoyaiba kwenye mitungi ya mama zao, na kila kiangazi miche yetu ya miti ya mikau ilikauka tu kitaluni. Wewe ndiye uliyesema tuache kuzika miche, tujenge ukuta wa kukata mto wetu wa mchanga, ili mvua ikinyesha, mchanga ulio nyuma ya ukuta ushike maji, shule ipate na sisi majirani tupate. Mawe tulikusanya kwa mwethya, kila nyumba ikitoa mtu, mkiimba na kunitungia mimi nyimbo kwa sababu nilikuwa nabeba mawe ya ukubwa wa kiazi. Rundo likafika kimo cha dirisha la kanisa. Kilichobaki ni simiti na vyuma, na hivyo havipatikani kwa kuimba. Tulifanya harambee, tukavuna ahadi. Ndipo nikaliandikia lile shirika la Nairobi, nao wakamtuma Bi Wanjiru, afisa wao, aje aone kama kweli tuna shida.

Aje aone shida, nasi tukajitahidi asiione hata kidogo.

Ulitupanga kama jeshi. Kina mama walishuka mtoni kabla ya jua, siku baada ya siku, mpaka tangi la shule likafurika. Miche ikanyweshwa asubuhi na jioni hadi ikafanana na miche ya Nunguni kule milimani. Watoto wakaogeshwa, wakapakwa mafuta. Mbuzi akachinjwa, muthokoi wetu wa mahindi ya kukoboa ukapikwa. Mgeni alinawa mikono, akanawa hata vumbi la miguuni kwa beseni lililojaa, na Mama Kasyoka amesimama kando na jagi lingine, ikiwa halitatosha. Bi Wanjiru alikula, akatembezwa, akasifu. Wakati wa kuaga akatuambia, bila ubaya wowote, kwamba ni nadra kuona jamii inayojiweza hivi, na kwamba shirika litaanza na wale wenye kiu ya kweli. Gari likaondoka.

Mama Kasyoka, ambaye wewe naye tangu enzi za kwaya hamjawahi kukubaliana hata leo ni siku gani, alisema wazi mbele ya watu kwamba tumejichimbia kaburi na kulifagia. Nami kwa hekima yangu ya darasani nikamuunga mkono, nikasema tungemwacha mgeni aone vumbi. Wewe ulikuwa unasugua sufuria. Hukuinua kichwa.

"Mgeni haonyeshwi kiu, Mwalimu. Akishaiona, atakunywa vipi?"



Halafu kifua kikakushika. Nilipokuja kukuona hospitalini uliniuliza habari za mawe. Si za nyumbani, si za shule. Mawe. Nikasema yapo. Ukasema niyachunge, watu wasianze kuyabeba wakajengee vyoo. Hayo ndiyo... Basi. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, na nimeyachunga.

Sasa sikiliza. Tulikuzika katikati ya kiangazi, na wewe unajua mazishi hunywa maji kuliko harusi. Asubuhi hiyo kina mama walikuwa mtoni wakichimba mchanga kutafuta maji ya chai ya waombolezaji. Mimi niliwapelekea mitungi, na punda akanidharau njia nzima. Mara tukaona Land Rover ikishuka ukingoni, ikazama mchangani mpaka tumbo. Akatoka Bi Wanjiru. Chifu alikuwa amemfikishia habari za msiba wako, naye hakututumia neno lolote kwamba anakuja. Alikuja kuzika, kama mtu yeyote. Hakuna aliyekuwa amefagia chochote.

Alitembea mpaka kwenye shimo letu. Mama Kasyoka alikuwa chini kabisa, hata kilemba hakionekani, anakinga maji kwa kikombe, anangoja yajikusanye, anakinga tena, anapitisha juu. Foleni ya kina mama ilikuwa imefika kwenye miiba ya ng'ambo.  Bi Wanjiru akauliza, polepole, ile siku alipotutembelea, tangi la shule lilijazwa kutoka wapi.

 Neno lako lilikuwa limesimama katikati yetu, na wewe mwenyewe hujazikwa bado, nani angelivunja? Mimi katibu, mtu wa maneno, nikaanza kumfundisha jinsi mito ya mchanga inavyotokea. Nashukuru Mungu sauti ikatoka shimoni.

"Tulikuchotea hapa. Marehemu alikataa uonyeshwe kiu. Na hata mimi nisingekuonyesha, ila umenikuta ndani."

Halafu mkono ukapanda na kile kikombe. Haukukipeleka kwenye mtungi. Ulimpa mgeni.

Mwenyekiti, nilidhani atakataa. Angekataa, nafikiri tungekuzika kwa aibu. Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa chote huku sote tukimtazama, na mwanzoni mwa foleni mtungi wa mtu ukingoja.

"Na siku ile nilinawa miguu," akasema.

Akavua viatu, akaomba zamu ya kuingia shimoni. Ni mchotaji mbaya kama mimi, anachanganya maji na mchanga, na Mama Kasyoka hakumficha hilo. Lakini chai iliyonywewa kwenye mazishi yako ina mkono wake.

Simiti imefika, na vyuma pia. Shirika limetoa vitu, kazi ni yetu, kama ulivyotaka. Ukuta umeanzia kwenye mwamba, sasa unanifika kifuani, na watoto wameanza kujaza udongo kwenye mifuko ya miche. Kila nikiutazama najiuliza: kama tungemwonyesha vumbi mara ya kwanza, si ungeuona na wewe? Hilo linaniuma, siwezi kukuficha. Lakini nikikumbuka kile kikombe, na jinsi kilivyotolewa, nashindwa kusema kwamba ulikosea. Nimefundisha miaka mingi na hii hesabu inanishinda.

Mvua bado. Fundi anasema ukuta utashika. Mimi namwamini zaidi ninapokuwa kanisani. Ukishika, nitakuja mwenyewe kaburini nikuambie, na nitakuja kwa miguu. Ukivunjwa na mafuriko, nitakuja vilevile, halafu tutaanza upya kwenye mwamba. Hiyo ni ahadi ya kikundi kizima, na tumeiweka kwa mikono iliyoinuliwa.

Mama Kasyoka amesimama hapa nyuma ya bega langu. Anataka niandike kwamba siku ile hakulia, ni mchanga tu ulimwingia machoni. Nimeandika. Alilia, mwenyekiti. Na hata sasa hajatoka hapa begani pangu.

Pumzika. Kazi tunaendelea nayo.

Katibu wako