Shakwe Wamekula Mbegu ya Karanga

Ivuna, Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri.

Jana, kati ya mapambazuko na saa nne, nilipoteza mbegu ya karanga. Matuta arobaini, kila tuta mashimo sitini, kila shimo punje mbili. Leo nimepita tuta kwa tuta nikipapasa kwa kidole. Mashimo yenye mbegu ni mia tatu na kumi na sita. Elfu mbili na themanini na manne ni matupu.

Wangekuwa nguruwe ningejua la kufanya. Ni wale ndege weupe wa ziwani.

Mwalimu wa misheni, ambaye ni mtu wa pwani, anasema wanaitwa shakwe, na kwao hawatoki majini, mkulima hana habari nao. Heri wakulima wa kwao. Huku kwangu wametua kama watu walioalikwa. Niliwasimamishia sanamu, nikaivika koti langu la zamani. Mmoja alikaa juu ya kichwa chake, akalinyea koti, akaendelea kutazama matuta. Eliza, mke wangu, alipiga debe mpaka likabonyea. Mimi nilirusha mawe kwa kombeo mpaka bega likakataa. Wanaruka hatua tano, wanatua. Kabla ya kuanza karanga walikuwa wamekwisha kula vifaranga vitatu kati ya sita.

Walifuata nini huku juu? Walifuata utumbo wa samaki.

Simoni, kaka yake Eliza, ni mvuvi. Mwaka jana alikuwa na vichanja vitatu vya kukaushia samaki, zaidi ya hatua elfu moja kutoka shambani kwangu. Ziwa likafura, likameza mahali pake, naye akasogea juu. Sikumlaumu; maji hayaombi ruhusa. Lakini leo ana vichanja kumi na kimoja, na kutoka cha mwisho hadi tuta langu la kwanza ni hatua tisini. Nimezipima mara mbili kwa miguu yangu. Yeye na wenzake wanapasua samaki palepale, utumbo wanautupa palepale. Ndege wanakula huko, kisha wanakuja kwangu kumalizia.

Jana mchana nilimwendea, matope yakiwa magotini. Nilimwambia, shemeji, hamisha vichanja. Hakuweka chini hata kisu chake.

"Shemeji, si wewe uliyepanda samaki?" akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Basi subiri waote!"

Wavuvi wakacheka. Mmoja akauliza kama nitawapalilia samaki wangu au nitawaacha na magugu. Mwingine akasema watu wa milimani wakiona ziwa wanatafuta jembe. Simoni ni shemeji yangu, kunitania ni haki yake, na siku nyingine ningemrudishia mizaha miwili kwa mmoja wake. Jana niligeuka nikarudi shambani.

Kwa sababu ni kweli. Nilipanda samaki.

Mimi ni mtu wa Ruanda, huko juu Mbozi. Nilikuja huku kama mpagazi wa chumvi, sina jembe, sina mke, nina kamba ya kufungia mzigo. Kwetu, kabla ya kupanda, tunafukia majani ndani ya tuta yaoze. Hilo linajulikana hata kwa mtoto. Huku bondeni majani yanawahi kukauka, na yanayobaki ni ya ng'ombe. Nikaona utumbo wa samaki unatupwa bure. Nikajiambia kuoza ni kuoza tu. Nikauomba kwa Simoni, vikapu kwa vikapu, na yeye akafurahi kuondolewa uchafu. Msimu ule nilivuna mara mbili ya jirani zangu. Nilitembea kijijini kifua mbele. Nilidhani nimewazidi akili watu waliozaliwa hapa.

Hawakuwa wajinga. Walijua ndege wao.

Mwaka ule matuta yalikuwa ishirini na matano, na kila kikapu nilikifukia kina cha jembe zima. Mwaka huu niliongeza kumi na matano. Mvua ilikuwa imekaribia, nikaharakisha, nikafukia nusu jembe. Eliza alisimama pale akakunja pua. "Baba Neema, nasikia harufu. Ongeza udongo." Nikamjibu kwamba mvua itashindilia.

Tulipanda Ijumaa na Jumamosi. Jumatatu mvua ilikuja kwa nguvu, badala ya kushindilia ikachukua udongo. Jana shakwe walianza na yale matuta kumi na matano ya haraka yangu, wakavuta utumbo, wakakuta na karanga. Wakishajua kilichomo ndani ya tuta moja, kwa nini wayaache mengine?

Hilo nimeliandika. Sitaki kulisoma tena.

Hata hivyo hesabu yangu haifuti ya Simoni. Mwaka jana nilifukia samaki walewale na hakuja ndege hata mmoja, maana vichanja vilikuwa mbali. Nusu jembe ni kosa langu. Hatua tisini ni kosa lake.

Tangu mavuno hatujaonja karanga, hata za kuunga mboga, ili mbegu ifike msimu wa kupanda. Sasa iliyobaki ni ya dada yangu, kule Ruanda. Siku mbili kupanda mlima, siku mbili kushuka na mzigo. Nikiondoka Jumatatu, nitapanda Ijumaa au Jumamosi, na mvua zitatosha kujaza maganda. Nikichelewa wiki moja zaidi, nitavuna majani. Wala siwezi kubeba mbegu siku mbili begani nije kuwalisha ndege mara ya pili.

Nilimwomba Eliza aseme na kaka yake. Alikataa. "Usinichagulishe kati ya kaka na shamba. Nendeni mkaseme wenyewe, kama watu wazima." Sikupenda, ila ana haki. Na mbegu iliyoliwa aliitia shimoni kwa mkono wake, nusu nzima.

Kwa hiyo, Simoni, nakuandikia hapa kwanza ili kesho ulimi usinitoroke mbele ya wenzako.

Kuanzia kesho nafukua utumbo wote wa matuta yale kumi na matano, naufukia katika shimo la kufika kiunoni. Simwombi mtu msaada. Wewe hamisha vichanja hatua mia sita, pale kwenye mchanga upande wa kusini; nimepaona, maji hayajafika. Mikono ya kubeba miti nitakuletea, yangu na ya Eliza.

Jumapili, kabla ya kengele ya kwanza ya kanisa, nitasimama kwenye kichanja chako cha mwisho kusikia jibu lako. Cheka kwanza kama unataka, nitangoja umalize. Usiniambie "tutaona", wala usiniulize kama samaki wameota. Jumatatu alfajiri ama nashika njia ya Ruanda, ama nabaki.

Vichanja vinahama au havihami?