Nilimwita Madoa

Jumamosi, Mungaa

Na bado haitoshi. Maksai wote wawili tumeuza ili binti yetu Neema anunue nyumba Dar. Jioni amepiga simu kushukuru, lakini kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, kuna nini?"

Akasema mwenye nyumba amepandisha bei, kapata mteja mwingine. "Ila msihangaike tena, baba."

Tuhangaike na nini? Zizi ni tupu. Mvua zikianza tutalima kwa jembe la mkono, mimi na mama yake, na magoti haya.

Mke wangu hajanilaumu. Heri angenilaumu.

Kinachoniuma zaidi ni ya asubuhi. Madoa aligoma kupanda lori. Wakamvuta kamba, wakamsokota mkia, wapi! Mnunuzi akanigeukia: "Mzee, si ng'ombe wako? Mwite basi."

Miaka sita tumelima pamoja. Nilimfundisha mwenyewe, tangu ndama, kwamba akisikia jina lake aje, hata kama amechoka.

Nikapanda lorini, nikamwita taratibu, kama tunavyoitana shambani.

Akaja.