Karatasi Tupu za Kiondo

Baba Mwende,

Utanisamehe kwa vipande hivi vya karatasi. Najua ulipenda barua iandikwe kwenye ukurasa mzima, na uliwahi kuniambia kwamba anayeandika kwenye vipande ama ana haraka ama anaficha kitu. Haraka sina. Nitakueleza vimetoka wapi, ila niache nizunguke kidogo kwanza, kwa sababu jambo lenyewe linaniaibisha.

Miezi saba imepita tangu tukusindikize kaburini kwenu Ukambani. Mama Mwende anaendelea vizuri, ingawa presha inamsumbua na dawa anameza akikumbushwa tu. Mimi bado niko hapa Nairobi, mtaa wa Umoja, chumba kilekile. Ukumbi wetu wa Ziwani haujabadilika. Lile dirisha ulilolizibia kadibodi "kwa wiki moja tu" bado lina kadibodi. Tulizoea kukucheka kwa hilo, na sasa hakuna anayethubutu kuibandua.

Ulipostaafu udereva wa wizara ya mambo ya nje, wenzako walifungua maduka au wakarudi mashambani. Wewe ukaja kuwafundisha vijana wa Ziwani na Mukuru kwa Reuben jinsi nchi ndogo inavyozungumza na nchi kubwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeingia chuo juzijuzi kusomea uhusiano wa kimataifa, na nilikuja kuona huyu dereva ana nini cha kufundisha. Nilikuja kwa dharau, Baba Mwende. Sikuwahi kukuambia. Ulitoa kibiriti mfukoni, ukakiweka mezani, ukasema, "Hii ndiyo nchi yetu. Hatuna mafuta, hatuna manowari. Tuone tutasikizwa vipi." Tangu siku hiyo tukawa Jamhuri ya Kibiriti.

Ukapanga mabenchi mawili, la nyumbani na la ugenini, yaani Nchi Kubwa. Balozi wetu hakuruhusiwa kuvuka kwenda ugenini mpaka watu wa nyumbani wabishane, wakubaliane, na kila mmoja atie karatasi kwenye kiondo cha Mama Mwende, kile kikapu chake cha mkonge, akiwa ameandika jambo asiloweza kuliachilia. Balozi alikaa mbele ya Nchi Kubwa kiondo kikiwa mapajani. Akiulizwa jambo lisilomo, alisimama akarudi kuuliza. Nilikuambia vitabu vyangu vya chuo havina kiondo. Ukanijibu kwamba kwa miaka yako yote ya usukani, hukuwahi kumbeba balozi ambaye hakukuambia uegeshe gari kando apige simu kwao. "Na akimaliza kupiga," ukasema, "nilikuwa namwangalia kwenye kioo, najua kama anaingia mkutanoni na watu nyuma yake au anaingia peke yake."

Baada ya wewe kuondoka, vijana waliniachia usukani. Tukaendelea na lile suala la mitumba uliloanzisha mwenyewe. Kibiriti inataka kuzuia mitumba ili kiwanda chake cha nguo kisife, na Nchi Kubwa inasema ukizuia mitumba yetu, hatununui mashati yako. Balozi wetu alikuwa Akinyi wa Reuben. Unamkumbuka, yule anayeuliza swali akiwa amekunja uso kama umemkosea. Mama yake anashona kiwandani Industrial Area, shangazi yake anauza mitumba, na wote wanapakua kutoka sufuria moja. Kwa hiyo benchi la nyumbani lilipoanza kubishana, hawakuwa wakiigiza. Walibishana Jumamosi tatu. Kijana mmoja alilia. Ungekuwepo ungekaa kimya pale kwenye kona, unatabasamu. Mimi niliona kelele tu.

Halafu wageni wakatuma ujumbe. Shirika moja la vijana lilikuwa likitafuta kundi la kupeleka kwenye kongamano katika nchi jirani, na wangetutazama kwa saa moja. Saa moja, Baba Mwende, na watu wangu hawakuwa wameelewana hata kuhusu vifungo vya shati. Basi nikaamua. Benchi la nyumbani nikalipeleka nyuma, nikawaambia wakae kimya, wapige makofi nikiwapa ishara. Hotuba ya Akinyi nikaiandika mimi. Na kwa kuwa kiondo lazima kionekane kimejaa, nikakatakata karatasi nyeupe, nikazikunja vizuri, nikazitia. Hakuna neno hata moja lililoandikwa humo. Nilijiambia hakuna atakayezifungua.

Nikawakaribisha wageni kwa kukutaja. Nikasema kundi hili lilianzishwa na marehemu, afisa mstaafu wa wizara. Afisa. Neno dereva lilifika mdomoni nikalimeza. Mama Mwende alikuwa amekaa mstari wa mbele, na kile kitenge chake cha kijani. Alinitazama, kisha akatazama mikono yake.

Akinyi alitoa hotuba yangu vizuri sana. Wageni wakafurahi. Ndipo mama mmoja kati yao akaelekeza kidole kwenye kiondo akasema angependa kusikia watu wa nyumbani waliandika nini. Akinyi akatoa karatasi moja, akaikunjua. Akaigeuza upande wa pili. Akaniangalia, wala hakukunja uso. Alikuwa ananiangalia tu, ananipa nafasi.

Nilimnyang'anya ile karatasi. Nikacheka kidogo, nikasema, "Mtoto ameshikwa na woga." Kisha nikasimama mbele ya ukumbi nikaisoma. Nilisoma karatasi tupu, Baba Mwende. Nilisoma kwa sauti kwamba watu wa Kibiriti wamekubaliana kuzuia mitumba polepole, na macho yangu nikayatembeza kutoka kushoto kwenda kulia kana kwamba kuna mistari. Kutoka pale alipokaa, Mama Mwende aliona jinsi karatasi ilivyokuwa nyeupe. Benchi la nyuma halikupiga makofi. Niliwapa ishara, na hawakupiga.

Tulichaguliwa. Barua ikaja baada ya siku tisa. Jumamosi iliyofuata nikafungua ukumbi niwasomee vijana, na hakuja mtu. Jumamosi ya pili pia. Nilikaa peke yangu katikati ya mabenchi yako, nikawakasirikia. Ndiyo, nilidiriki kukasirika. Niliwaita watoto wasio na shukrani, peke yangu, kwa sauti. Kisha nikakumbuka kile kioo cha gari lako, nikafunga mlango nikaenda nyumbani.

Mama Mwende ndiye aliyeniambia wanakutana Reuben, kwenye kanisa la mabati karibu na kwa kina Akinyi. Niliomba msamaha kwa neno afisa kabla hajalitaja. Akasema, "Nafula, mume wangu aliendesha gari. Hakulionea haya hata siku moja. Wewe umemwonea haya kwa niaba ya nani?"

Nikaenda Reuben. Niliwakuta wameshapanga mabenchi mawili. Nilisimama mlangoni na maneno yangu ya pole niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima. Akinyi akainua mkono kunizuia. "Madam, wewe umetumwa na nani?"

Nikasema sijatumwa na mtu.

"Basi ngoja hapo nje kiasi. Acha tubonge kwanza."

Nilingoja ukutani, karibu na mtungi wa maji. Niliwasikia wakibishana juu yangu. Mmoja alisema nifukuzwe. Mwingine akasema, "Lakini buda aliturudisha benchi la nyumbani kila saa tukikosea. Hakuwahi kufukuza mtu." Buda ni wewe. Nililia pale nje, na mama aliyekuwa akianika nguo akaniletea kigoda.

Waliponiita ndani, Mama Mwende alikuwepo. Alikuwa amekuja kwa mlango mwingine, na kiondo chake alikuwa amekileta. Zile karatasi zangu nyeupe walikuwa wamezimwaga mezani. Ndani ya kiondo walikuwa wametia za kwao, zilizochanwa kwenye daftari za shule. Akinyi akasema sitakuwa mwalimu kwa sasa. Nitakuwa balozi wao, na ninatumwa kwa wale wageni. Kama baadaye watatuondoa kwenye kongamano, watuondoe. Hilo nalo walilipigia kura, na kura hazikukaribiana. Wao ndio walioitaka safari ile kuliko mimi, Baba Mwende. Wengi wao hawajawahi hata kuvuka Mto Athi, hapo tu nje ya mji. Na ndio walioamua kuiweka hatarini.

Nimezisoma karatasi zao. Moja inasema, "Waambie zilikuwa tupu." Nyingine, "Waambie Akinyi hakuwa na woga." Nyingine inasema suala la mitumba bado hatujaelewana na hilo si aibu. Kuna moja imeandikwa kwa mkono wa mtu mzima, herufi kubwa, kalamu ya mkaa. "Sema alikuwa dereva."

Basi sasa umejua. Karatasi hizi unazosoma ndizo zile nyeupe nilizozikata. Nilimwomba Akinyi anipe, akanitupia rundo zima. Nimekuandikia pande zote mbili, kwa herufi ndogo, na hii ndiyo ya mwisho, kwa hiyo nifupishe.

Naenda Jumatatu saa tatu. Ninaogopa. Nitakaa mbele yao kiondo kikiwa mapajani, na nitazisoma zote kama zilivyoandikwa. Wakiniuliza lisilomo, nitasimama nirudi Reuben kuuliza. Nakuahidi hivyo, nikiwa na akili zangu timamu. Lala salama, mzee wangu. Nitaanza na ile ya mkaa.

Nafula