Mkwe Wangu Aliandika Tarehe ya Mimi Kuondoka

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya kosa la pili, maana la kwanza nimeshalifanya na kila nikiamka nalikuta limekaa pale pale linanitazama. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko ukikusumbua nivumilie tu, usinitupe kapuni.

Mimi ni mjane, kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu, hapa mtaani wananiita Mama Sabuni. Nina binti mmoja tu, na huyo binti aliolewa na fundi wa majokofu, mtu mpole mpaka anakera, sisi nyumbani tulimpa jina la Bwana Taratibu kwa sababu ukimsalimia asubuhi anakuitikia jua limeshapanda, na huyo fundi akapata kazi kwenye kiwanda cha samaki katika nchi moja ya visiwa huko Bahari ya Pasifiki, mbali mshauri, mbali, ndege tatu, wakahama wote wawili nami nikabaki na pasi yangu na ndoo zangu.

Basi mwaka jana binti akanipigia akasema, "Mama, nina ujauzito, njoo unishike mkono, huku sina mtu." Nikamuuliza, "Na hiyo viza nitaipata wapi, mtu kama mimi?" Akacheka. "Mama, watu wa kwetu huku hawahitaji viza. Unakuja na paspoti yako, unagongewa muhuri uwanjani, unaingia." Paspoti ninayo, niliitengeneza nilipompeleka marehemu baba yake kutibiwa nchi ya jirani, nikaona basi, mlango uko wazi, ni kuingia tu kama ninavyoingia kwa jirani yangu kuomba chumvi, nikashona vifulana sita vya mtoto mchanga, nikavifua, nikavipiga pasi, nikavipanga.

Kisha mkwe akanitumia kwa simu tiketi na barua, nikaenda duka la kopi zichapishwe. Tiketi ilikuwa ya kwenda na kurudi. Barua ilikuwa ya Kiingereza, nikamwomba mwenye duka anisomee kwa lugha yetu, naye ana sauti kama mnadi wa mitumba, akasoma foleni nzima inasikia, kwamba mimi fulani namwalika fulani, atakaa kwangu siku ishirini na nane, tiketi yake ya kurudi ni ya tarehe hii, nathibitisha kwamba ataondoka nchini kabla ya siku thelathini kwisha, na mimi mwenyewe nitahakikisha anaondoka. Mtu mmoja nyuma yangu akapiga makofi. "He! Mama Sabuni, huyo mkwe hajakukaribisha, amekupa notisi ya nyumba!" Wakacheka wote, hata mwenye duka. Nikamwambia basi, inatosha, usiendelee, nipe karatasi zangu.

Mshauri, nilitembea mpaka nyumbani sioni njia. Nikawaza, kama viza hakuna basi hakuna mtu wa serikali anayetaka hizi karatasi, ni yeye mwenyewe kaziandika, ananipimia siku, na siku ishirini na nane mtoto hajajua hata kucheka. Damu ikanipanda kichwani nikampigia saa ile ile. Akapokea kwa ule upole wake, "Shikamoo mama, barua imefika?" Nikamwambia, "Imefika, na mimi nimefika mwisho. Huyo mke wako nilikaa naye miaka ishirini na minne, sikumwandikia tarehe ya kutoka nyumbani kwangu. Kama nyumba yako ni ndogo sema. Mimi si jokofu la kuletwa likatengenezwa likarudishwa kwa mwenyewe!" Akasema, "Mama, ngoja nikueleze, hiyo barua ni ya…" Nikasema sielezwi. Nikakata.

Kumbe siku hiyo alikuwa nyumbani anatengeneza kitu, mikono ina grisi, simu iko kwenye spika, na aliyekuwa amemshikia hiyo simu ni binti yangu na tumbo lake la miezi minane.

Siku ya safari ilipita niko napiga pasi mashati ya watu nisiowajua. Binti alijifungua kwa upasuaji. Mwenzangu mmoja aliyezungumza na binti kwa simu ndiye aliyenieleza kwamba hakuwa na mwanamke hata mmoja wa kumsaidia kuamka kitandani, na kwamba nepi zote alikuwa anafua Bwana Taratibu. Mimi nafua nguo za dunia nzima, nepi za mjukuu wangu kafua fundi wa majokofu. Binti nikimpigia anasema, "Mtoto mzima, mama, nitakupigia," hapigi. Mjukuu ana miezi minne, nina picha yake moja, kalala, sijui hata macho yake yakoje.

Sasa wiki mbili zilizopita alikuja dada mmoja anayefanya kazi kaunta ya ndege, mimi ndiye ninayempigia pasi sare zake. Sijui nini kilinipata, nikamsimulia yote huku namnyooshea blauzi. Akanitazama. "Mama, hiyo si barua ya mkwe wako, hiyo ni barua ya uhamiaji! Hata pasipo viza, wengi wanataka waone tiketi ya kurudi, mahali utakapofikia na mtu anayekudhamini. Mimi mwenyewe nimewazuia watu wawili wiki hii hii, mizigo imeshapimwa, kwa kukosa tiketi ya kurudi." Pasi iliunguza kitambaa cha meza nikiwa nimesimama nayo.

Mshauri, nimejikusanyia nauli kwa jasho langu. Nataka nikate tiketi ya kwenda na kurudi, niende kimya kimya bila kuwaambia, nigonge mlango nikiwa na vifulana vyangu mkononi, wakiniona hasira zitawaisha. Paspoti bado ina miezi saba. Shoga yangu ananiambia nenda, moyo unaniambia nenda, ila magoti yanakataa. Nifanyeje? Ile barua nimekuwekea kopi yake humu ndani, uone mwenyewe nilichokikasirikia.

Mama Sabuni

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, Mama Sabuni. Mwandiko wako unasomeka vizuri kuliko wa madaktari wengi, ondoa wasiwasi.

Pole sana. Sasa vumilia na mimi kidogo, maana magoti yako yana akili kuliko shoga yako.

Si kwamba unataka kuwashtukiza ili wafurahi. Unataka kufika ukamshike mtoto haraka, mbele yake wakubwa waone aibu kukudai maneno unayodaiwa. Unaogopa kusema samahani, ukaona bora upande ndege tatu kuliko kupiga simu moja. Nakuelewa, mama, lakini haitawezekana, na kitakachokuzuia ni zile zile karatasi.

Kutohitaji viza si kutoulizwa. Utafika dirishani, ofisa atakuuliza unafikia kwa nani, nyumba iko wapi, nani atakutunza. Utamtaja mkwe. Ofisa anaweza kuinua simu pale pale: "Unamfahamu mama huyu? Umemwalika?" Unataka huyo mtu ajibu nini, akiwa kazini, hajasikia sauti yako tangu ulipomkatia? Hata ndege huenda usipande, maana ni huyo huyo dada wa sare ndiye atakayekuuliza barua ya mwenyeji. Hiyo uliyonayo tarehe zake zimekufa.

Halafu sikia. Ile kopi nimeisoma yote. Wewe ulimkatiza mwenye duka katikati, kama ulivyomkatiza mkwe wako. Pale ulipokasirikia, aliyekuwa anaambiwa ni ofisa, si wewe. Ofisa anataka kusikia utaondoka, na mkwe wako ametia sahihi kwamba usipoondoka aulizwe yeye. Amejifunga kwa ajili yako. Chini yake kuna mahali pa kueleza mgeni atalala wapi. Ameandika: atalala chumbani na mke wangu, mimi nitalala sebuleni. Na penye uhusiano na mgeni hakuandika mama mkwe. Ameandika: mama yangu.

Najua umeketi chini sasa. Kaa kidogo, kisha unywe maji, tuendelee.

Leo, wala si kesho, mpigie mkwe. Si binti, mkwe. Matusi uliyapeleka kwake, na samahani iende huko huko. Mwambie: nilisomewa nusu barua nikakutukana kwa hiyo nusu, ulitaka kunieleza nikakukatalia, mke wako akajifungua bila mimi, kosa ni langu. Ishia hapo. Usiseme "kama nilikukosea", ulimkosea. Usimtaje mtu wa foleni, yeye hakupiga simu. Usilie mpaka yeye ndiye akubembeleze. Na kwa vile ni Bwana Taratibu, atanyamaza kwanza. Mwache anyamaze. Usikate.

Akisema hawako tayari, kubali, na swali la pili usiulize siku hiyo. Shona fulana nyingine uzitume, zile sita hazimtoshi tena, na upige simu kila wiki kuuliza hali zao bila kutaja safari. Siwezi kukuahidi watafungua moyo upesi. Ile siku binti yako aliyokutaka imepita, na hakuna ndege inayokwenda huko.

Wakikubali, usichelewe. Nchi nyingi zinataka paspoti iwe na miezi sita mbele kuanzia siku unayoingia. Wewe una saba, maana yake una wiki chache tu za kuruka. Ukiona huwahi, usibahatishe, tengeneza paspoti mpya kwanza ndipo ukate tiketi. Mwombe dada wa kaunta akuangalizie masharti ya leo ya nchi unayokwenda, na ya zile mbili unazobadilishia ndege, maana wao nao wana sheria zao na hubadilika. Mkwe akutumie barua mpya. Ipeleke duka lile lile, foleni ikiwa imejaa, umwambie mwenye duka asome kwa ile sauti yake mpaka kwenye sahihi.

Na siku utakapofika dirishani kule, ofisa akikuuliza utakaa siku ngapi, mjibu siku ishirini na nane, bila kununa.