Neno la Kwanza la Kabula

Jumatatu, 18 Novemba 1974
Mazoezi ya sauti tangu asubuhi. Watoto wanane mbele ya kioo, midomo inafunguka na kufungika. Joto. Mkuu wa shule aliingia mara mbili kuangalia kama mikono yote iko mezani. Hataki ishara. Mtoto kiziwi akizoea mikono, anasema, ulimi wake utalala.

Kabula bado anachanganya mama na baba. Si kosa lake. Kwenye midomo, maneno hayo ni sura moja. Ndiyo maana tunawawekesha vidole puani kwetu: ukisema mama pua inatetemeka, ukisema baba haitetemeki. Nimesema mama mpaka koo limekauka.

Ijumaa, 22 Novemba
Amesema! Mama. Kwa sauti nzito, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, lakini mama. Nimelia mbele ya darasa. Sioni haya.

Mama yake ni mjane, kijiji kimoja karibu na Ziba. Hana mtoto mwingine. Alipomleta hapa alishinda nje ya uzio mpaka jioni, hakuweza kuondoka. Nimeamua. Likizo hii nampeleka Kabula mimi mwenyewe. Nataka niwepo mwanamke huyo akiitwa mama kwa mara ya kwanza.

Alhamisi, 28 Novemba
Shule imefungwa. Tumelala mjini, Kanyenye, kwa shangazi yangu, mimi na Kabula. Amenifungia maandazi huku ananisuta: mwalimu gani anakwenda vijijini wakati watu wanahamishwa? Habari hizo nani hajazisikia. Redioni wanahamia vijiji vya ujamaa kwa nyimbo. Nimefunga mzigo.

Jumamosi, 30 Novemba
Kijiji hakipo. Kuta hazina mapaa. Kabula aliingia kwao mbio, akatoka, akanitazama. 

Mchunga ng'ombe mmoja alituonyesha kwa fimbo: wote wamepelekwa ng'ambo ya mbuga. Tumerudi Ziba, mke wa mwalimu mwenzangu ametupa pa kulala. Kabula hakula. Naogopa.

Jumapili, 1 Desemba
Kijiji kipya. Nyumba zimepangwa mistari, nyingi bado vibanda vya nyasi. Kabula aliniponyoka, akawa anachungulia mlango baada ya mlango. Wanawake walimwona, wakainamisha nyuso. Nikajua.

Mjomba wake, Masanja, alinivuta kando.

"Dada yangu hayupo, mwalimu. Tulishushwa hapa hakuna paa hata moja. Mvua ikatukuta nje. Homa ikamshika, hakukaa."

"Mbona hamkuleta habari shuleni?"

"Angeileta nani? Kila mtu alikuwa anajenga." Alitazama chini. "Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyesomea kusema naye. Sisi tutamwambiaje?"

Nilisema kesho. Kabula ameendelea kutafuta mpaka jua limezama.

Jumatatu, 2 Desemba
Nimemwambia. Kaburini, asubuhi, mjomba na bibi yake pembeni. Nilipiga magoti nyuso zetu ziwe sawa. Nikasema polepole, kama nilivyofunzwa chuoni: Mama amekufa.

Akaitikia kwa kichwa. Ametulia kabisa. Akajigusa kidevu, ishara yao ya baba mwenye ndevu, kisha akageuza kiganja juu, ndivyo watoto wanavyosema kufa wakiwa bwenini. Baba. Baba yake alikufa zamani. Alidhani namwambia jambo analolijua.

Nilirudia. Akaona uso wangu umebadilika. Akaleta vidole vyake puani kwangu, kama darasani. Mama. Pua ikatetemeka, akavitoa kama vimeungua.

Basi nikatumia mikono. Kila ishara niliyowahi kuwaona wakiifanya kwa kificho. Nyumba. Mvua. Homa. Hapa. Mkuu na aseme atakalo.

Kabula akalala kifudifudi juu ya udongo, akaita. Mama. Mama. Watu walitoka majumbani. Bibi yake alijishika kichwa, "Anasema! Mjukuu wangu anasema!" Akacheka na kulia pamoja.

Sijawahi kuichukia kazi yangu kama leo.

Jumatano, 4 Desemba
Naondoka peke yangu. Bibi anataka mtoto akae. Masanja hakuniahidi kumrudisha. "Kusema si amekwisha jua, mwalimu? Shule ya nini tena?"

Neno moja. Anajua neno moja, na wa kuliitikia hayupo. Hilo sikulitamka. Nilimjibu tu kwamba shuleni wako wenzake wanaomwelewa.  Kabula hakutoka kuniaga.

Jumanne, 14 Januari 1975
Shule imefunguliwa jana. Kabula hajaja.

Nimemweleza Mkuu yote. Nikamwambia darasani kwangu sitazuia mikono tena. Tutafundisha midomo, ndiyo, lakini mtoto akishindwa na midomo atapata njia nyingine ya kuambiwa habari za nyumbani kwao.  Akasema naweza kuhamishwa kwa maneno haya. Nikasema ninajua. 

Jumamosi, 18 Januari
Masanja amemleta jana kwa basi la Nzega. Hata maji hakunywa, alikuwa anawahi kurudi. "Kule anashinda peke yake," aliniambia. "Tunampenda, lakini hana wa kuzungumza naye." Ametembea na kijisanduku cha mtoto begani mpaka bwenini, akakiweka vizuri, akaenda.

Mkuu hajasema lolote bado kuhusu kunihamisha.

Leo hakuna masomo. Kabula amenikuta barazani namenya karanga. Amekonda. Akaketi, akaniegemea ubavuni, akaanza kumenya naye.  Mvua ya taratibu. Baadaye alisinzia. Mguu ulinifa ganzi. Sikuinuka.